Mwiko wa Mama Mukwe

Mwisho wa miaka ya tisini, pale Nchelenge, upande wa Zambia, ukuta wa mawe ndio ulionipa muke. Watu wanasema nilimpata kwa maneno. Ni wivu. Maneno yalisaidia, sikatai, lakini ukuta ni ukuta.

Baba wa binti niliyempenda alikuwa muvuvi, Mubemba. Alijijengea jiko nyuma ya nyumba kwa mawe ya ufukoni. Mawe mazuri, lakini kazi ya muvuvi: kati ya jiwe na jiwe aliacha matundu kama ya wavu. Mijusi ilipita mule bila kuinama. Nilipotuma mushenga, yule Wabemba wanamwita shibukombe, muzee akajibu hivi:

"Awe! Si anajisifu ni mufundi? Aje azibe jiko langu. Mvula ya kwanza ikipiga na simenti ikibaki, nitamupa binti. Ikianguka, arudi kwao Pweto, Kongo."

Mimi, nirudi? Shule ya musingi sikuimaliza, lakini kuta zote za Pweto zinanijua. Kulikuwa na shida moja, tena ndogo. Siku ya kuvuka ziwa Mweru niliwaonyesha abiria wenzangu jinsi mufundi wa kweli anavyorusha truweli, chuma chake cha kupakia simenti, juu na kuidaka bila kuangalia. Niliidaka vizuri mara nyingi. Tangu siku ile nadhani samaki wa Mweru wanaishi ndani ya nyumba zilizozibwa vizuri.

Basi, asubuhi ya kazi nikamwambia shibukombe, "Nenda kwa muzee, uniombee mwiko." Mufundi wa kawaida wa kwetu angesema truweli. Mimi nilifanya kazi na mafundi wa Kigoma, na kwao truweli inaitwa mwiko. Sikuona sababu ya kuficha Kiswahili kizuri. Lakini shibukombe ni Mubemba, na kwa Mubemba mwiko ni kitu kimoja tu, ni muti wa kusongea bukari, yaani ugali. Kwa muzee hakwenda. Alikwenda moja kwa moja jikoni, akapiga magoti mbele ya mama wa binti, akaomba.

Akarudi na muti murefu, mweusi kwa moshi.

"Hii nini?"

"Mwiko."

"Tata, mimi nilisema mwiko!"

"Njo huu. Mama ameuliza kama unataka kumupikia ao kumufukuza jikoni. Nikasema sijue, ni batu ba ng'ambo."

Kumurudishia mwenyewe sikuweza. Desturi ya pale, mwanaume anayeoa hamsogelei mama wa muke, hamtazami usoni, hasemi naye, mpaka siku mama atakapompikia chakula cha kumkaribisha. Na muzee alikuwa tayari ameketi kwenye kiti chake, anangoja kuona ufundi.

"Iwe, mbona unasimama?"

"Tata, mufundi kwanza anasikiliza mawe."

Bon, nikaanza. Nilikwangua udongo wa zamani kwa musumari wa boti, ndani kiasi cha kidole, nikafagia vumbi. Nikayamwagia mawe maji, sababu jiwe lenye kiu litakunywa maji ya simenti na kukuachia unga. Muchanga wa ziwa niliuchekecha kwa kipande cha chandarua ili konokono watoke. Nikauchanganya na simenti, na maji kidogo tu: ukiufinya ni donge, hautiririki. Halafu nikashika mwiko. Ndugu yangu, muti ule ulizaliwa kwa kazi ile! Bapa lilibeba simenti, ncha ikaisukuma ndani, tabaka juu ya tabaka. Ilipokaza hata gumba likawa haliachi alama, nikageuza mwiko na kupitisha mukia wake wa duara. Ukaacha mufereji laini, maji yakija yanateleza. Nikamwambia muzee ndiyo namna ya kisasa, chuma imepitwa na wakati.

Jua likafika utosini. Ndani ya jiko maji yanachemka, unga upo, mwiko hakuna. Mara nikaona jicho kwenye tundu. Nikainamisha kichwa haraka. Sauti ikatoka, lakini si kwangu. Ilikuwa kwa kuku.

"Weye kuku! Ambia ule mutu batoto bana njaa. Ntasonga bukari na mukono?"

Kuku akaendelea kuchakura. Mimi nikaliambia jiwe: "Jiwe, ambia kuku mwiko uko kazini. Bado kidogo."

"Kuku, tangu lini mwanaume anashika mwiko yangu?"

"Jiwe, mimi niliomba truweli."

"Kuku, aliomba mwiko! Mutu amepiga magoti mbele yangu!"

"Jiwe, ni Kiswahili cha Kigoma."

"Basi aende kuoa Kigoma!"

Muzee akacheka mpaka kiti kikalia. Mimi namuona binti anateleza mikononi kama kambale. Lakini kichwa changu hakilali. Nikasema, "Jiwe, uliza kuku kama upepo wa ziwa ungali unalaza moto wa mama."

Jicho likageukia moto, likarudi. Kisha, polepole: "Kuku... leo moto umesimama."

"Jiwe, sasa limebaki tundu moja, lile lenye jicho."

"Kuku, ambia azibe. Na mwiko aoshe, arudishe!"

Jicho likaondoka, nikaziba. Mwiko niliusugua sana, lakini simenti ikishaingia kwenye nyuzi za muti haitoki. Shibukombe akaurudisha kwa mama hivyo hivyo. Ukuta nikaufunika magunia, nikawa nayalowesha asubuhi na jioni ili jua lisiupasue.

Mvula ilikuja kutoka upande wa Kongo, ikalipiga jiko mpaka jioni. Ilipokatika, muzee akazunguka ukuta akichokoachokoa kwa kidole, anatafuta simenti ya kuanguka. Kilichoanguka ni ukucha wake. Akaita shibukombe.

Siku ya kunikaribisha, wanawake walileta vyakula wakiimba. Nikamega bukari, nikaweka mudomoni. Kra! Ni muchanga, ule ule niliouchekecha mimi. Mama mukwe alikuwa amekaa mbele yangu. Siku ile ruhusa ya kusema nami alikuwa nayo, lakini akageuka kumtafuta kuku.

"Kuku, uliza mukwe wangu bukari iko namna gani?"

Nikatafuna, nikameza. "Jiwe, ambia kuku ni tamu. Tena ina nguvu."

"Basi muongezee!"

Wakaniongezea. Nikala yote.