Ripoti ya Mkopo Iliyosomwa Ukweni Masaba

Nitawaambia yote, lakini mtu asicheke kabla sijamaliza, maana aibu hii niliitafuta mwenyewe kwa miguu yangu miwili, na hadi leo nikipita Masaba hujifunika leso mpaka puani kama mwizi wa kuku, ingawa haisaidii kitu, kule wananijua hata kwa mwendo.

Mimi ni fundi wa nguo. Nina cherehani nne hapa Busia, upande wa Kenya, nashona sare za shule na gomesi, yale magauni marefu ya mabega yaliyochongoka, za akina mama wanaovuka kutoka Uganda (gomesi yangu haina mpinzani, muulize yeyote). Mume wangu, Owor, ni mtu wa Iyolwa kule Tororo, Uganda, anauza vipuri vya baiskeli, na tangu tuoane tumekuwa wapangaji wa vyumba viwili ambavyo mvua ikinyesha lazima tusogeze kitanda, na ikinyesha sana tunakisogeza na sisi tukiwa tumesimama.

Basi nje kidogo ya mji wakaanza kujenga nyumba za kuuza, ndogo lakini nzuri, mabati mekundu, choo ndani, na benki moja ikawa inatoa mkopo wa nyumba, unalipa kidogo kidogo miaka na miaka mpaka inakuwa yako. Siku tuliyokwenda kutazama nilifungua bomba la jikoni, maji yakatoka, nikalifunga, nikalifungua tena, nikalifunga, mpaka Owor akaniambia, "Mama Athieno, utamaliza maji ya watu." Lakini na yeye nilimwona akipima sebule kwa hatua, akinong'ona mahali pa kuweka kabati. Tulirudi nyumbani hatulali, tunapanga mapazia.

Ijumaa nikaenda benki. Nilipokelewa na afisa wa mikopo, msichana mmoja mpole sana anayeitwa Madam Mercy, akabonyeza kompyuta yake, akachapa karatasi mbili, akanieleza kwamba kila mtu aliyewahi kukopa ana alama zake, kama za mtoto wa shule, ukilipa kwa wakati zinapanda, ukichelewa zinashuka, na hakuna benki inayokupa mkopo wa nyumba kabla ya kuzitazama.

"Zako si mbaya, mama," akasema, "ila ziko chini kidogo ya tunapotaka. Kuna deni moja tu limekwama. Likilipwa, uniletee barua kwamba limekwisha, kisha usikope ovyo ovyo kwa simu, ukae miezi kadhaa alama zipande, halafu ndiyo tuombe."

"Deni? Mimi?"

"Ukigeuza ukurasa wa pili utaona ni la…"

"Usiniambie, madam! Namjua!"

Hapo, jamani. Kosa lenyewe ni hilo tu. Ningegeuza karatasi moja, moja tu, tena nilikuwa nayo mkononi, lakini damu ilikuwa imenipanda kichwani, nikaikunja mara nne, nikaitia mkobani, nikamshukuru yule msichana nikatoka naye bado ameinua kidole.

Nilimjua nani? Nilimjua Okoth, mdogo wake Owor. Okoth alikuja Busia kutafuta maisha, akataka kununua pikipiki ya kubeba abiria, na kampuni ya upande huu ikakataa kitambulisho cha Uganda, basi mimi shemeji yake nikaingia, mkopo ukaandikwa kwa jina langu, yeye akawa analipa mwenyewe kila mwezi. Alikuwa ananiambia analipa. Nami nilikuwa namwamini. Sasa nikajiambia, kumbe! Kumbe amenichafulia jina, na nyumba yangu yenye bomba la jikoni inanitoka kwa sababu ya pikipiki yake!

Nilimpigia, hapatikani. Nikapiga tena, hapatikani. (Bila shaka hakupatikana, kesho yake ndiyo siku ya kumpeleka ukweni kwa mara ya kwanza, alikuwa anahangaika na mbuzi.) Owor sikumwambia, kwa sababu namjua, angeniuliza tu, "Una hakika?" na mimi nilikuwa sitaki kuulizwa swali hilo. Nikaapa nitanyamaza mpaka sherehe ipite. Na nilikuwa nimeazimia kabisa kutimiza, Mungu ni shahidi.

Jumamosi tukavuka kuingia Uganda, tukafika Masaba kwa akina Taaka, mchumba wa Okoth. Jinsi palivyopendeza! Hema mbili, viti vimevalishwa vitambaa, kuku wanakaangwa nyuma ya nyumba harufu inakuja mpaka mbele, na sisi watu wa Iyolwa tumeingia kwa mstari na makreti ya soda na mbuzi wetu, mimi na gomesi yangu ya zambarau niliyoishona wiki nzima, wanawake wa kule wananitazama mabega wanaulizana nani kashona. Ile hasira ilianza hata kupoa. Okoth alikuwa amekaa mbele ndani ya koti la kuazima, anatoka jasho, nikamwonea huruma nikajisemea, basi, Jumatatu nitamvuta masikio taratibu.

Sasa kule, shangazi wa bibi harusi wanamwita senge, na ndiye mwenye siku, yeye ndiye anayewahoji wageni. Senge wa Taaka ni mama mnene mwenye sauti ya kengele, akachukua kipaza sauti akasimama mbele yetu, mkono kiunoni.

"Sisi hapa hatutaki kijana ya maneno tu," akasema. "Mtoto yetu tumesomesha. Nani nasimama na huyu kijana? Shemeji yake iko wapi? Ile mama nakaa na yeye kule Busia?"

Owor akanigusa kiwiko. Nikasimama. Watu wakanipigia makofi, gomesi ikang'aa.

"Wewe mama, umemwona nakula, umemwona nalala, umemwona nafanya kazi. Sasa tuambie. Unaweka jina yako juu ya huyu kijana?"

Ndugu zangu, kati ya maneno yote ya Kiswahili, kwa nini achague hayo? Ningejibu "Naweka," nikae, tule kuku. Mdomo ukafunguka wenyewe:

"Niweke jina tena? La kwanza limenirudia na matope!"

Mwanzoni wakacheka, walidhani ni utani wa mashemeji. Mimi sikucheka. Kicheko kikaanza kufa kiti kwa kiti, mpaka nikasikia mafuta ya kuku yakichemka kule nyuma.

"Matope gani?" Senge akauliza, polepole.

"Mama Athieno, kaa," Owor akaninong'oneza.

Sikukaa. Nilikuwa nimeshavuka mto, nikasema yote, pikipiki, mkopo, jina langu, benki, nyumba, alama, na nilipoona mtu mmoja anatikisa kichwa kama haamini nikafungua mkoba nikatoa ile karatasi nikaipeperusha hewani. Okoth aliinua mkono aseme, sikumpa nafasi. Ndani ya nyumba, ambako Taaka alikuwa amefichwa na wenzake akingoja kuitwa, nikasikia mtu anaanza kulia.

Hapo akainuka baba mdogo wa Taaka, Mzee Wandera, mwalimu mstaafu, mtu mkavu mrefu, hajasema neno tangu tufike.

"Leta hiyo karatasi," akasema. "Hapa hatuhukumu mtu kwa mdomo."

Nikampelekea kwa madaha, kama mtoto anayempelekea mzazi ripoti akiwa wa kwanza darasani. Akafuta miwani, Senge akamshikia kipaza sauti, na yule mzee akaanza kusoma Kiingereza kwa macho na kututolea Kiswahili kwa mdomo, neno kwa neno, bila haraka, kama anasoma Injili.

"Ukurasa wa kwanza. Jina la mama huyu. Deni moja halijalipwa."

"Eeeh!" watu wakaguna. Nikatingisha kichwa, mnaona?

Akageuza.

"Mkopo wa pikipiki." Akasogeza karatasi karibu na pua. "Umelipwa. Umelipwa wote. Hakuna mwezi hata mmoja uliochelewa."

Nikadhani sikusikia vizuri.

"Deni ambalo halijalipwa," akaendelea, "ni mkopo wa simu. Shilingi elfu moja na mia tano za Kenya. Ulitumwa kwa laini namba…" na akaanza kuisoma namba, tarakimu moja moja, na alipofika ya nne nikahisi naifahamu, ya sita kwapa zikalowa, na alipofika ya mwisho mume wangu, mtu ambaye kwa kawaida husema maneno kumi kwa siku, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani:

"Mama Athieno, hiyo si ile laini yako iliyotumbukia chooni?"

Ndiyo yenyewe. Zamani kidogo nilikopa kwa simu, na hata wiki mbili hazikupita simu ikaniponyoka ikaingia shimoni, nikanunua laini mpya nyingine, na mimi na akili zangu nilidhani deni limezama pamoja na simu. Nani angekuja kudai kule chini?

"Ulikopa ya nini?" Senge akaniuliza, kipaza sauti mdomoni.

Ningedanganya, lakini uongo wote ulikuwa umekimbia kichwani. "Wigi," nikasema.

"Wigi iko wapi sasa?"

Jamani. Nilikuwa nimeivaa.

Sikuhitaji hata kujibu, mkono wangu ulipanda wenyewe kuigusa, na hapo Masaba nzima ikapasuka. Watu walicheka wakashikana, mpishi mmoja alikuja na mwiko mkononi kuuliza kuna nini akaambiwa naye akakaa chini, hata Mzee Wandera alivua miwani akajifuta macho. Nilitaka ardhi ipasuke inimeze, na wigi yenyewe.

Ambaye hakucheka alikuwa Okoth peke yake. Alisimama ndani ya lile koti kubwa, na watu walipomwona wakatulia.

"Mimi sina neno mbaya kwa shemeji," akasema. "Ile siku nataka pikipiki, watu yote nasema huyu Mganda atatoroka usiku. Yeye ndiye aliweka jina yake. Kwa hivyo kila mwezi nilianza na ile deni kabla ya chakula. Nilijua nikichelewa, jina nakufa si yangu."

Akakaa.

Sikumbuki nilifikaje, ninachokumbuka ni magoti yangu yakiwa kwenye nyasi mbele yake na gomesi ya wiki nzima inafyonza matope, nalia, namwomba msamaha yeye na watu wa Iyolwa na watu wa Masaba, na Okoth ananivuta mkono, "Amka, shemeji, amka, nitalia na mimi, nitaharibu koti ya watu."

Senge akakohoa. Nikajua sasa harusi imekufa na mimi ndiye muuaji.

"Kwa hii boma," akasema, "tumeoza mabinti mingi. Watu nakuja hapa nasifu kijana yao, nasema mzuri, mzuri, na mimi nakuwa na shaka, kwa sababu nani anaweza kumsema mtu yake vibaya? Leo ndiyo mara ya kwanza wamemleta mtu wa kumshtaki, na ameshinda kesi. Nataka nini tena?" Akageukia nyumba. "Nyinyi huko ndani, mleteni Taaka!"

Wee! Vigelegele! Nilipiga vigelegele na mimi nikiwa bado na machozi, nikasahau aibu kabisa, Taaka akatoka na macho mekundu akicheka, na alipofika kwangu akanishika bega akaninong'oneza, "Shemeji, wigi ni nzuri, usijali."

Ila sikuachiwa bure. Senge akanitoza faini, gomesi sita kwa yeye na masenge wenzake watano, kitambaa changu, uzi wangu, na akatangaza kabisa vipimo vyake mwenyewe kwenye kipaza sauti ili nisije nikasema sikusikia.

Jumatatu asubuhi benki ilifunguliwa ikanikuta mlangoni. Madam Mercy alinielekeza pa kulipia, ile elfu moja na mia tano ilikuwa imezaa watoto na wajukuu kwa riba, nikalipa yote, nikapewa barua kwamba limekwisha. Halafu ndiyo ikaja kazi ngumu ya kungoja. Kila meseji ya "kopa sasa" ikija nafuta, nalipa kila kitu siku yake, nashona zile gomesi za faini, na baada ya miezi ile akaniita, akageuza kompyuta nione mwenyewe alama zilivyopanda, nikapiga kelele moja mlinzi akaja mbio.

Siku ya kuweka sahihi walitupa rundo la karatasi. Owor alitaka tuweke sahihi twende. Nilimwambia kaa. Nikasoma kila ukurasa, mbele na nyuma, nikiuliza neno nisilolielewa, mpaka Madam Mercy akatoka kwenda kula akarudi akanikuta bado nasoma, na Owor amelala kitini.

Sasa tunaishi humo, na nina raha ambayo siwezi kuisema. Lakini nimeapa, na mnisikie vizuri: mimi sitamwita tena mtu mdeni mbele za watu, hata kama nina ushahidi wa mahakama. Nikisikia jina langu limechafuka, nitakwenda kwanza chumbani kwangu, nitafunga mlango, nitawasha taa, na mtu wa kwanza nitakayemhoji ni mimi.