Gugu la Mgeni

Shangazi yangu Mwanne alikuwa mganga wa vidonda pale Kisarawe, na kiburi alikuwa nacho, wala simsingizii. Mumewe, Mwinyijuma, alizaliwa zeruzeru, na jua la shamba la ujamaa halikumwonea huruma. Kidonda kilimtoka sikioni, kikagoma kupona. Miaka mitatu shangazi alikipaka mizizi aliyorithi kwa bibi yake. "Kinakauka," alisema kila Ijumaa. Kukauka gani? Kilikuwa kinatanuka.

Mwaka sabini na nane akaja Stellamaris, mtafiti kutoka Dar, kuuliza dawa za vidonda. Sasa, waganga wetu wana desturi yao: mgeni wa mara ya kwanza haonyeshwi dawa ya kweli. Hupewa jani lolote. Akirudi na kitambaa cheupe na ubani, ndipo huonyeshwa yenyewe. Shangazi akainama kwenye matuta ya mihogo, akang'oa gugu, akamkabidhi kwa heshima zote. Yule dada alipoondoka, shangazi alicheka mpaka akakaa chini.

Baada ya mwaka ikaja barua. Shangazi, mhitimu wa kisomo cha watu wazima, hakutaka kusomewa. Akasoma mwenyewe, kwa sauti, mumewe akisikiliza. Kumbe utomvu wa lile gugu umeua seli za saratani ya ngozi ya binadamu, zilizooteshwa ndani ya chupa! Ila, barua ilionya, bado ni mambo ya chupa, si dawa ya mtu. Mwenye kidonda kisichopona awahi hospitali.

Mwinyijuma akashika sikio lake. "Mgeni umempa dawa ya uongo, mimi mumeo ukanipa ya kweli," alisema. "Laiti ningekuwa mgeni."

 Shangazi aliogopa, tukamwona. Kesho yake wakapanda basi la kwanza. Huko hospitali sikio likakatwa lote. Daktari akasema wangewahi, kingetoka kipande tu.

Haukupita mwezi, Stellamaris huyo tena, safari hii na kitambaa cheupe na ubani. Sijui nani alimtonya.

"Shikamoo, mama. Nimekuja kuonyeshwa ile ya kweli."

"Marahaba, mwanangu. Njoo."

Akamshika mkono mpaka uani, Mwinyijuma alipokuwa akimenya mihogo kivulini, kofia yake ya pama imemfunika mpaka masikioni.

"Mume wangu, hebu vua pama."

Mwinyijuma akavua.

"Haya, tazama," shangazi alisema, machozi yakimtoka. "Ya kweli kazi yake ndiyo hii."