Gitaa Lililouzwa Bila Mkanda

Mume wangu alikuwa na gitaa la stima katika mji ambao stima yenyewe ilikuwa ya kubahatisha. Alilileta Garsen kutoka Malindi, hoteli alikopiga muziki ilipovunja bendi yao, akaliweka juu ya kabati, na kila Ijumaa akawa analishusha, analipangusa, analirudisha. Kulipiga hakulipiga.

Mimi nilikuwa na kibanda cha chai karibu na steji ya mabasi. Huo ulikuwa mwaka uliofuata yale mafuriko makubwa. Ng'ombe wengi walikuwa wamekufa, maziwa yakapatikana kwa kujuana, nami nikawa nauza chai ya rangi. Sasa mfugaji mpe chai ya rangi uone. Anakutazama kana kwamba umemtukania mamake, anainuka, anavuka barabara kwenda kwa jirani yangu, ambaye shemeji yake alibakiwa na ng'ombe. Nilimchukia huyo jirani kwa moyo wangu wote, na sioni kwa nini nifiche.

Nilitaka ng'ombe mmoja mwenye ndama, kabla kibanda hakijafa. Na kitu pekee cha kuuzwa nyumbani kilikuwa juu ya kabati.

Mume wangu hakukataa, nisimsingizie. Alisema atauza siku atakapopata bei ya haki. Huo ndio ulikuwa ujanja wake. Alikuja mwalimu akataja bei: si bei yake. Akaja kijana wa kwaya kutoka Ngao: si bei yake. Bei yake ni ipi basi? Haijulikani.

"Baba watoto," nikamwambia, "kitu kisichopigwa na kisichojulikana bei, hicho ni jini, si gitaa."

Akacheka, akalipangusa.

Nikamwendea dalali wa mnada wa ng'ombe. Garsen nzima hakukuwa na mtu mwingine aliyekula kwa kujua bei. Alikuwa Muorma wa makamo, mbishi, mwenye deni kwenye kibanda changu, kwa hivyo alikuja siku ileile. Alilizunguka gitaa lililolazwa kitandani, akainama, akaligonga mgongoni kwa kidole.

"Hii miaka ngapi?"

Mume wangu akasema lilitengenezwa ng'ambo kabla yeye hajazaliwa.

"Mzee sana. Tutapunguza."

"La, ndugu yangu. Linavyozeeka ndivyo linavyopanda."

Dalali akanitazama mimi, kuona kama mume wangu yu mzima. Kisha akaonyesha pale rangi ilipolika kwa kusuguliwa na mkono. "Na hii kovu?"

"Hiyo ndiyo sifa yake. Rangi ni ileile ya kiwandani. Hakuna aliyepaka juu, hakuna skrubu iliyobadilishwa."

"Kwa siku inatoa nini?"

"Halitoi kitu," nikajibu mimi, maana hilo lilikuwa swali langu la miaka mingi.

Dalali akaketi. Alisema mnyama huyu hamjui, lakini watu anawajua. Aletwe mnunuzi, atamtazama mnunuzi.

Tukampa dereva wa basi ujumbe aupeleke Malindi, kwa mtu mmoja aliyekuwa akipiga muziki hotelini na kununua ala za zamani. Akafika kibandani, tulikolipeleka gitaa, shati limejaa vumbi. Akatoa bisibisi ndogo, akafungua kibati cha nyuma, akamulika ndani kwa tochi, akafunga, akasonya.

"Limechoka hili. Shingo imepinda. Nitalichukua tu kwa kuwasaidia."

Akataja bei ya mbuzi wawili, tena wakonde. Mume wangu akakunja uso. Mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa karibu kusema lete.

Dalali akamuuliza yule bwana, kwa upole ambao sikuwahi kuuona kwake, "Wewe ulikuja na basi ya eskoti?"

"Ndiyo."

"Njiani majambazi hukuogopa?"

"Niliogopa! Nani asiyeogopa njia hii?"

Dalali akatugeukia sisi, yule bwana mwenyewe akisikia. "Mtu hapandi basi ya polisi na bunduki kuja kusaidia watu hajui. Aliogopa, akakuja. Hapo ndio bei inaanza."

Mnunuzi akairudisha bisibisi mfukoni. Wallahi ningembusu yule dalali, kama si kuwa mke wa mtu, na kama si ile tumbaku mdomoni mwake.

Dalali akavua shuka begani, akaufunika mkono wake na wa mnunuzi. Ndivyo walivyofanya mnadani: bei husemwa kwa kubanana vidole chini ya nguo, watazamaji wasijue. Watazamaji tulikuwa mimi, mume wangu, na wateja wawili ambao hawakuwa wamelipa. Mnunuzi alitoa macho, akatikisa kichwa, akatoa macho tena. Mwishowe dalali akauchukua mkono wa mume wangu, akauingiza chini ya shuka, akaubana.

Mume wangu alilitazama gitaa. Akanitazama mimi, na sufuria yangu nyuma yangu. Nilingoja aseme si bei yake.

"Haya," akasema.

Pesa zilitosha ng'ombe na ndama. Lakini mnunuzi alipoliinua gitaa, dalali akaufungua mkanda wake wa ngozi, ule wa kulivalia begani, akamrudishia mume wangu.

"Huo mkanda ni wa gitaa!" bwana akalia.

"Gitaa chukua. Kamba haiuzwi. Kamba ikienda, baraka ya boma inaenda. Huyu kesho atafunga nini?"

Nilitaka kumrushia upawa. Biashara yangu yote ivunjike kwa kipande cha ngozi! Bahati nzuri, basi la kurudi Malindi lilikuwa likipiga honi, na eskoti haimngoji mtu. Yule bwana akaondoka na gitaa lake, akitutukana sote.

Siku ya mnada tukanunua ng'ombe na ndama wake. Mwenye ng'ombe akapokea pesa, akafungua kamba shingoni, akaikwapatia, akatutakia heri, akaenda zake. Tukabaki katikati ya watu na ng'ombe asiye na kamba. Nikaomba huku na huku, na katika mnada ule hupati mtu wa kukupa kamba. Nilipogeuka, mume wangu alikuwa akiuvua ule mkanda begani mwake. Kumbe alikuwa ameuvaa tangu asubuhi, mtu mzima, mkanda bila gitaa. Akampitishia ng'ombe shingoni, akaufunga tundu la mwisho. Ng'ombe akaunusa, akamfuata. Nikahakikisha tunapita mbele ya kibanda cha jirani.

Jioni ile nilipika chai ya maziwa, kikombe cha kwanza nikampa yeye.

"Sasa niambie kweli. Ilikuwa bei yake?"

Alikunywa mpaka chini. "Si bei yake. Wala si nusu."

"Ala! Mbona ukasema haya?"

"Nilichoka kukuona unavyowatazama wateja wakivuka barabara."

Mimi sikosi maneno, uliza yeyote Garsen. Nilichukua kikombe chake, nikamjazia tena.