Maksai Niliyemwahidi Mama

Nimekosa, na sina wa kumsingizia. Mimi ni mwalimu wa baiolojia, nilihamishiwa huku Mbulu kutoka mkoa mwingine, na nilimfanya mtu akatae kupasuliwa kwa sababu ya mfano wangu mmoja. Jamani, mfano tu!

Mama mwenye nyumba niliyopanga hapa kijijini Tumati alinipenda kama mwanawe. Alipoambiwa hospitali kwamba uvimbe wa titi lake ni saratani, na kwamba arudi baada ya wiki mbili ukatwe, aliniita jikoni nimweleze saratani ni kitu gani.

Ningemjibu kwa kifupi. Lakini siku zile nilikuwa nimesoma kwenye simu habari za protini zinazoongoza seli, na zilikuwa zimenijaa kichwani. Nikamtafutia mfano wa kwao. Nikamwambia seli changa ni kama ndama dume asiyejua kulima. Protini hizo ni maksai mzee anayefungwa naye nira moja, amfundishe kazi mpaka atulie. Kwenye saratani yule mzee haongozi tena, kwa hiyo ndama hawakomai, wanaongezeka tu na kuharibu shamba. Nikaongeza kwamba wataalamu wamepata dawa ya kumrudisha maksai kazini.

Dawa yenyewe ilikuwa ya aina moja tu ya saratani ya damu. Ya titi haikuwamo. Na nilijua! Lakini mumewe alikuwa amesogeza kigoda karibu, anatikisa kichwa kwa kustaajabu, na mimi nikanogewa na sifa. Sikulisema hilo.

Siku ya kupasuliwa ilipofika, nilimkuta mama shambani anapalilia. Nikamwuliza mbona hajaenda. Akanijibu kwa upole, "Mwalimu, ng'ombe anayefundishika huwezi kumchinja. Nasubiri hiyo dawa."

Ningefungua mdomo pale pale, angekwenda. Niliona aibu kukiri kwamba nilikuwa najionyesha. Nikajipa moyo kuwa atabadili mawazo mwenyewe, nikaenda kusahihisha madaftari.

Walipomrudisha hospitali, misimu miwili ya mvua ilikuwa imepita na uvimbe umeshakuwa kidonda. Daktari alisema kukata hakutasaidia tena. Nilipoingia kumwona, nilimpa shikamoo. Aliitikia, akanishika mkono.

"Mwalimu, yule maksai bado hajafika?"

"Yuko njiani, mama," nikasema.

Mungu anisamehe, nilimdanganya mara ya pili! Tulimzika wiki iliyofuata.

Ninyi mliosoma kidogo kama mimi, mkimweleza mgonjwa jambo, mwelezeni na mahali linapoishia. Ukiona amekuelewa vibaya, mrudie siku hiyohiyo, hata kama utaaibika. Mimi niliikimbia aibu ya dakika moja.

Mumewe hajui. Mpaka leo ananishukuru kwamba nilimpa mkewe matumaini, na kila asubuhi ananiletea maziwa mlangoni. Nayapokea, nasema asante mzee, nafunga mlango. Kuyanywa nimeshindwa.