Kiwiko cha Yasniel Zaldívar

Katika bustani kuu ya Santa Rufina, karibu na jukwaa la bendi, kuna mabenchi ambayo mtu asiyependa besiboli hayakalii. Wanaume wa mji hukutana hapo kila siku kugombana. Mgeni akipita hudhani watu wanakaribia kutoana macho, kumbe wanabishania mpira wa mwaka juzi, kama ulidondoka ndani ya mstari au nje. Na katika hao wote hakuna aliyekuwa na sauti kama ya Evelio Estupiñán.

Evelio alikuwa dereva mstaafu wa garimoshi la kiwanda cha sukari. Miaka yote ile ya kupiga kelele kuishinda injini ilimwachia koo pana na sikio moja bovu. Hata akinong'ona, muuza maua ng'ambo ya barabara alimsikia. Timu ya mkoa iliitwa Mabaghala, na tangu enzi za Evelio kubebwa mabegani mwa baba yake haikuwahi kutwaa ubingwa. Ilifika fainali ikafungwa, ikafika tena ikafungwa tena. Baba yake alikufa akisubiri. Kaka yake alihamia Miami, akafa huko, naye akisubiri. Evelio mwenyewe alipasuliwa moyo, na alipozinduka jambo la kwanza alilomwuliza daktari lilikuwa: "Mabaghala jana wamefanyaje?" Mkewe Nilda, aliyekesha kando ya kitanda akiomba, hakuzungumza naye mpaka walipofika nyumbani.

Mwaka ule Mabaghala walikuwa na Yasniel Zaldívar, mrushaji wa mkono wa kushoto, kijana mrefu mwenye aibu, mtoto wa mtaani kwao Evelio. Mpira wake ulimfikia mdakaji kabla mpigaji hajakata shauri. Yeye ndiye aliyewavusha mpaka fainali dhidi ya vijana wa Havana. Wakashinda michezo mitatu, wakafungwa mitatu, ukabaki mchezo wa saba, Jumapili alasiri, tena nyumbani.

Jumamosi asubuhi Teyo, seremala, alikuja bustanini kwa baiskeli akiwa hoi.

"Kiwiko!" alisema kabla hajashuka. "Kiwiko cha mtoto kimevimba kama boga!"

"Nani kasema?" Evelio aliruka juu.

"Shemeji yangu si ndiye anayefua jezi za timu? Jana wamemfunga barafu mpaka begani. Vidole viwili vimekufa ganzi."

Kisha Casimiro kinyozi, aliyekuwa rafiki wa Evelio na mpinzani wake tangu shule, akasema polepole, "Basi asirushe. Imekwisha hiyo."

"Asirushe? Casimiro, leo umenyoa wateja au umejinyoa akili?"

Watu walicheka, lakini Casimiro hakucheka.

"Karusha Jumatatu, karusha Alhamisi, na jana kaingizwa tena kumalizia. Mkono ni nyama, bwana, si bomba la maji. Mnajisifu eti timu imefanikiwa. Timu ipi? Mnamkamua mtu mmoja kama muwa, mkishakunywa mnaita mafanikio."

"Hapo kweli," Teyo alidakia. "Wapigaji wetu mwaka mzima wanapunga gongo kama wanafukuza nzi."

"Wewe Teyo uko upande gani?"

"Mimi niko upande wa kombe."

"Mchezo mmoja!" Evelio alipaza sauti, na njiwa wakaruka kutoka kwenye paa la jukwaa. "Mmoja tu! Kesho arushe, kisha alale hadi mwaka mpya, mimi mwenyewe nitampelekea supu kitandani."

"Na mkono ukikatika?"

"Hautakatika."

"Unajuaje, daktari?"

"Najua kwa sababu haiwezekani! Haiwezekani tufikishwe mpaka hapa halafu tufungiwe mlango usoni. Casimiro, mimi nina moyo wa viraka. Nitasubiri mpaka lini?"

Sauti ilimpasukia katikati, na wenzake wakaona macho yake yamelowa. Mtu mmoja akasema, "Twendeni kwake basi. Tukamtie moyo." Evelio alikuwa wa kwanza kuinuka. Alipitia nyumbani akachukua ngoma yake ya uwanjani, akampa Teyo aipige, na walipokata kona ya mtaa wao tayari walikuwa umati.

Odalys, mama yake Yasniel, alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Mmekuja kufanya nini?"

"Tumekuja kumtia moyo kijana," Evelio alisema.

"Moyo anao. Kinachomuuma ni kiwiko."

Aliwatazama wote, kisha akamshika Evelio mkono wa shati. Marehemu mumewe alifanya kazi na Evelio kwenye garimoshi, na Evelio ndiye aliyebeba jeneza upande wa mbele. "Wewe ingia, kaka. Wewe peke yako. Uone."

Yasniel alikuwa mezani jikoni, kifua wazi, mkono wa kushoto umelazwa juu ya mto kama mgonjwa mwenye kitanda chake. Alikuwa akila wali na maharage meusi kwa mkono wa kulia, na maharage mengi yalikuwa mezani kuliko mdomoni. Alijaribu kusimama kwa heshima. Evelio akamkalisha.

"Hebu kinyooshe, mwanangu."

Kijana akajaribu. Mkono ulifika nusu ya njia ukakwama kama mlango uliovimba kwa mvua, na jasho likamtoka juu ya mdomo. Odalys aligeukia ukuta.

"Hivi vidole sivisikii, mjomba," Yasniel alisema. "Nikishika mpira, najua nimeushika kwa sababu nauona."

"Daktari wa timu anasemaje?"

"Anasema nipumzike. Kocha anasema nitapumzika Jumatatu." Nje ngoma ilikuwa imeanza, na watu walikuwa wakiliimba jina lake. "Na kule bustanini wanasemaje?"

Evelio aliokota punje za maharage mezani moja moja, akaziweka ukingoni mwa sahani.

"Usirushe," alisema hatimaye. "Usinisikilize mimi wa jana wala wa asubuhi hii. Nisikilize sasa hivi. Usirushe, mwanangu."

Yasniel alimtazama kwa mshangao, kama mtu aliyesikia padri anatukana.

Evelio akatoka nje, akanyoosha mikono juu. "Jamani, rudini majumbani! Mtoto mgonjwa! Nimeuona mkono kwa macho yangu!"

"Umepewa nini humo ndani?" Teyo alipiga kelele. "Kahawa?"

"Evelio kanunuliwa na Havana!" mwingine akadakia, na umati ukaangua kicheko, kwa sababu Evelio kununuliwa na Havana lilikuwa jambo la kuchekesha kuliko yote waliyowahi kusikia.

Alijaribu tena. Alifoka mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Lakini ngoma ilikuwa ngoma yake mwenyewe, ngozi ameibadilisha mwaka ule ule, na wao walikuwa wengi. Walikuwa wakiimba kwa upendo, na hilo ndilo lililomkata maini. Hakuna aliyemtakia kijana mabaya. Wanawake walileta maua wakayaweka dirishani. Mzee mmoja kipofu aliomba ashikishwe kitasa cha mlango tu. Walikaa pale mpaka jua la utosi, na ndani ya nyumba hakukusikika kitu.

Jumapili Evelio alikwenda uwanjani. Nilda alimwambia abaki, asikilize redioni au asisikilize kabisa, akakataa. Alijiambia anakwenda kuhakikisha kwamba kijana hayupo. Kipaza sauti kilipomtaja mrushaji wa Mabaghala kuwa ni Zaldívar, uwanja mzima ulinyanyuka kwa kishindo, na Evelio akabaki ameketi peke yake, akitazama migongo ya watu.

Kisha akashuka ngazi akisukumana na watu mpaka kwenye wavu, karibu na benchi la timu.

"Kocha! Mtoe! Mtoe huyo mtoto!"

Kocha hakugeuka. Watu wa nyuma walimrushia maganda ya karanga. "Kaa chini, mzee! Unatuziba!" Askari mmoja alimshika kiwiko kwa adabu, akamrudisha nyuma. Evelio akarudi wavuni, na askari akachoka naye.

Yasniel hakuwa na ule mpira wa kasi tena. Alirusha mipira ya taratibu, iliyopinda, ya hila, na vijana wa Havana waliokuwa wakingojea risasi walipiga hewa wakageukia benchi lao wakiwa wamefadhaika. Vipindi vikapita. Mabaghala wakapata pointi mbili. Watu wakaanza kusema kumbe kiwiko kilikuwa uongo, kumbe kijana alikuwa anawachezea shere Havana. Evelio peke yake aliona kwamba baada ya kila mpira Yasniel alikuwa akiupangusa mkono ule pajani, na kwamba anautazama mpira ndani ya glavu kabla ya kurusha.

Katika kipindi cha nane kati ya tisa mpira ulimponyoka. Ulipaa juu ya mpigaji, juu ya mdakaji, juu ya mwamuzi, ukagonga wavu wa nyuma. Waliokuwa karibu walisema baadaye kwamba walisikia mlio, kama kamba ya gunia ikikatika. Evelio na sikio lake bovu hakusikia kitu. Aliona tu mkono umening'inia kwa namna ambayo mkono wa mtu hauning'inii, na kijana akipiga magoti taratibu, kichwa chini, kama anayetafuta kitu kilichodondoka mchangani.

Evelio hakungoja. Alitoka kwa lango la nyuma, mahali gari la wagonjwa lilipoegeshwa, akamkuta Odalys amefika kabla yake. Machela ilichelewa. Dereva alikuwa amekwenda kuangalia mchezo, ikabidi atafutwe, na alipopatikana ufunguo nao haukuonekana. Kwa hiyo walikuwa bado pale pale, Yasniel amelala kijivu usoni, wakati kelele zilipolipuka ndani ya uwanja. Si kelele za kawaida. Ukuta wenyewe ulitetemeka. Fataki zikaanza, kengele za kanisa zikafuata, na watu wakaanza kumiminika nje wakilia, wakikumbatiana na wasiowajua.

Jambo ambalo Evelio alilingoja maisha yake yote lilikuwa limetokea, upande wa pili wa ukuta.

"Haya," Odalys alimwambia. "Mmeshapata."

Yasniel alifumbua macho. "Tumeshinda, mjomba?"

"Tumeshinda, mwanangu."

Kijana akatabasamu. Kisha machela ikagonga mlango wa gari alipokuwa akiingizwa, naye akapiga yowe ambalo Evelio, kwa sikio zima na lile bovu, alilisikia vizuri kabisa.

Alipasuliwa katika jiji kuu. Kano ya kiwiko ilikuwa imekatika, na mshipa wa fahamu uliokuwa ukilalamika kupitia vile vidole ulikuwa umeumia siku nyingi. Akapasuliwa mara ya pili. Mkono ukapona kwa maana ya kwamba unashika kikombe. Ulinyauka, ukawa mwembamba kuliko mwenzake, na alipojaribu kurusha, mpira ulianguka njiani kama wa mtoto.

Bustanini ubishi ulibadilika. Msimu uliofuata Mabaghala walishika mkia.

"Mafanikio yako wapi sasa?" Casimiro aliuliza.

"Ubingwa ni ubingwa," Teyo alijibu. "Umeandikwa. Utaufuta?"

"Na mkono?"

"Kwani mimi nilimshika nikamsukuma uwanjani? Angekataa."

"Ulikuwa unapiga ngoma dirishani kwake, wewe!"

"Ngoma ya nani?"

Wote waligeuka kumtazama Evelio. Aliinuka, akaenda nyumbani, na kwa muda mrefu hakuonekana kwenye mabenchi. Ngoma alimpa padri aitumie kanisani. Asubuhi alipitia foleni ya mkate, akapeleka mkate mmoja kwa Odalys. Mwanzoni mama yule aliupokea kupitia upenyo wa mlango bila salamu. Baadaye akawa anasema asante. Kuingia ndani hakumkaribisha tena.

Yasniel ndiye aliyetoka. Alikuwa na kazi ya kuandika tiketi katika kituo cha mabasi, na jioni walikaa wote wawili kizingitini. Siku moja Evelio alijikaza akamwuliza, kama wasingekuja na ule umati, je, angekwenda kurusha?

"Sijui, mjomba," Yasniel alisema. "Kuna siku nawachukia wote, na wewe wa kwanza. Kuna siku nauota ule mchezo, naamka nacheka. Usiniulize tena."

Evelio hakumwuliza tena.

Masika ya juzi walikuwa wamekaa pale, na kwa jirani redio ilikuwa ikitangaza mchezo wa Mabaghala. Kulikuwa na mrushaji mpya, mtoto kutoka milimani, na mtangazaji alikuwa akimsifu kwa kupaza sauti. Yasniel alisikiliza kichwa kikiwa kimeinama. Mkono wa kushoto ulikuwa mapajani, ukifumbata na kufumbua.

"Huyo amechoka," alisema. "Msikilize, anachelewa kati ya mpira na mpira. Wamtoe."

Mtangazaji akasema kocha ameamua kumwacha aendelee.

Evelio aliinuka, magoti yakimlalamikia, akavuka mpaka dirishani kwa jirani.

"Zima redio."

"Kuna nini, mzee Evelio? Tunaongoza!"

"Najua," Evelio alisema, kwa sauti ndogo ambayo jirani hakuwahi kuisikia kwake. "Zima, mwanangu. Nakuomba."