Bi Sikudhani na Maji ya Kunawa

Saa mbili asubuhi, wanachuo kumi na wawili wamesimama nje ya ua wa miti huko Nzuguni, mashariki mwa jiji la Dodoma. Kila mmoja ana kishikwambi mkononi. Hakuna anayethubutu kuingia, maana jana walirudishwa nje mara tatu.

"Hodi!" anaita Erick, wa mwaka wa pili.

Anangoja kidogo, kisha anapaza sauti.

"Hodi hapa!"

"Nimekusikia," inajibu sauti ya mwanamke kutoka ndani. "Nachambua mboga. Mgeni mwenye haraka huwa ni polisi."

Mwenye sauti ni Sikudhani Yahaya, mzaliwa wa Kondoa, mhudumu mstaafu wa zahanati, mwenye miaka hamsini na tisa. Kila mwaka chuo kimoja cha Dodoma humletea wanafunzi wa afya, na wenzao kutoka nchi za mbali, kabla hawajaenda vijijini kufanya utafiti. Kwa siku nne uwanja wake hugeuka kijiji. Yeye huwa mama mwenye nyumba, jirani yake huwa mkwe msumbufu, na mbuzi wake watatu hawahitaji kufundishwa kazi yao.

Hulipwa shilingi elfu thelathini kwa siku. "Hazijengi nyumba," anasema, "lakini nalala nikijua kuna mtoto wa mtu hataaibika ugenini."

Yapo mambo yasiyomo vitabuni. Kigoda hukikung'uti mbele ya aliyekupa. Uji huupokea kwa mikono miwili, hata kama umeshiba. Watoto huwaulizi idadi kabla hujauliza habari za mvua.

Leo, hata hivyo, Bi Sikudhani hana utani mwingi. Kando ya ukuta ameketi mzee mwenye fimbo, aliyefika jana kwa basi kutoka Gulwe, wilayani Mpwapwa. Ni Mzee Matonya, mwenyekiti wa kitongoji. Amekuja kuamua kama wanachuo wataruhusiwa kukanyaga tena kwake.

Mwaka jana wenzao waliowatangulia walikwenda huko kupima vikope, ugonjwa wa macho unaoanza kwa kuwasha na kuishia kwenye upofu. Kijana mmoja aliwapa mikono watu saba nyumbani kwa mzee huyo, akaketi, akatoa chupa ya kitakasa mikono, akajipaka hadi kwenye viwiko.

"Alitusalimia, kisha akatunawa kama uchafu," anasema Mzee Matonya. "Mke wangu alitazama viganja vyake mpaka jioni."

Kabla ya saa sita mchana habari ilikuwa imezunguka. Kati ya kaya sitini, ni tisa tu zilizofungua milango. Watoto hawakupimwa, na pasipo hesabu ya wagonjwa, dawa za macho hazikupangwa.

Bi Sikudhani anaacha kuchambua mboga. "Yule kijana hakukosa. Mimi ndiye niliyemwambia: kila nyumba, takasa mikono. Miaka thelathini na moja nimefundisha watu kunawa. Sikuwahi kujiuliza kunaonekanaje kwa mtu aliyetoka kukupa mkono."

Mwaka huu amewaambia neno moja tu: chupa ibaki mfukoni. Watanawaje basi? Hilo hata yeye hajalipatia jibu.

Hatimaye Erick anaruhusiwa kuingia.

"Shikamoo, babu. Mbukwenyi!" anasalimia, akimalizia kwa Kigogo.

"Mbukwa," mzee anaitikia kwa mkato.

Wanapeana mikono. Kijana anauliza mvua, anauliza mtama, anauliza ng'ombe.

"Kaka, unapima mvua au macho?" ananong'ona Bupe, mwanafunzi mwenzake.

"Bupe, nyamaza," anasema Bi Sikudhani. "Mvua ndiyo mlango wa macho."

Mkekani ameketi Munira, mjukuu wa Bi Sikudhani, wa miaka minne. Erick lazima amgeuze kope. Mkono wake unaingia mfukoni, na shingo ya chupa inachungulia.

Mkono unatoka mtupu.

"Babu, nataka kumtazama mtoto macho. Mikono yangu imeshika vyuma vya basi. Naomba maji ninawe, nisije nikamletea uchafu wa njiani."

"Nani kakufundisha hayo?"

"Hakuna, babu. Kwetu mgeni hanawi peke yake. Hunawishwa."

Mzee anainuka taratibu kwa fimbo yake. Anachukua jagi na kipande cha sabuni, anamimina.

"Na kwenye kucha. Mwanachuo mzima, kucha za mvuna karanga!"

Ua unaangua kicheko. Mzee Matonya naye anakinga viganja vyake. "Haya, nami nimwagie."

Munira anapimwa. Macho yake ni mazima.

"Alhamisi waje," anasema mzee akijifuta kwa shuka lake. "Lakini na mwalimu wao aje. Mke wangu ana neno naye."

Gari la chuo halina nafasi ya Bi Sikudhani. Miaka yote hajawahi kufuatana na wanafunzi wake. Safari hii amepanga kupanda basi la alfajiri kwa nauli yake mwenyewe, awatangulie.

"Nitampa mkono yule mama," anasema, akirudia mboga zake. "Kisha nitakaa hivyo hivyo. Akitaka ninawe, maji ataleta yeye."