Mgeni wa Chumba cha Uani

Kosa la kwanza la mshonaji lilikuwa kuamini kwamba mumewe ameoa mke wa pili. Dalili, kwa hesabu yake, zilikuwa zimetimia. Fundi saa yule, aliyezoea kuulizia chakula kabla hajavua viatu, sasa alijifungia kila jioni katika stoo ya uani, kisha akatoka amebadilisha shati na kunawa kwa sabuni hadi viwikoni ndipo amsalimu mtu. Alipoulizwa, alijibu kwamba anapanga vyuma chakavu.

Wifi yake, dada wa fundi, hakumtetea nduguye. "Mwanamume anayenawa hivyo kabla ya kuingia kwake ametoka kwa mwenziwe," alisema.

Basi asubuhi moja, fundi akiwa dukani, walifungua stoo kwa ufunguo uliokuwa katika koti lake kuukuu. Ndani mlikuwa na sanduku, ndani ya sanduku gazeti, bakuli la maji na kipande cha bomba. Ndani ya bomba, guruguru mnene aliyewakazia macho. Wifi alicheka hadi akakaa sakafuni.

"Huyu ndiye mke mwenzio? Jikaze, wifi, maana kakuzidi mkia."

Mshonaji hakucheka. Sebuleni kwao aliishi guruguru mwingine, Mzee, ambaye fundi alimtoa maweni kabla hawajaoana. Watoto wao walijifunza kusimama kwa kushika sanduku lake. Mshonaji alimkubali kwa sharti: mmoja anatosha, nyumba si pori. Kumbe mume alificha mjusi kwa kumwogopa yeye, naye akamvika uzinzi. Aibu ilimshuka hadi nyayoni, akatafuta wema wa kuifunika.

Mzee alilalia mchanga wenye joto chini ya taa. Huyu alilalia gazeti kama mfungwa. Mshonaji alilelewa akijua kwamba mgeni haachwi kula peke yake. Akambeba kwa kitambaa chekundu alichokuwa akikishona, akamweka kwa Mzee. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," alimwambia wifi, nusu kwa mzaha. Wawili hao walishinda bega kwa bega, na kabla ya jioni akamrudisha stoo. Kesho yake fundi alibadilisha mchanga wote wa Mzee. Mshonaji hakuuliza kwa nini.

Haukupita muda Mzee akaanza kukataa chakula. Makwapani mwake, baina ya magamba, fundi aliona utitiri, vidudu vyekundu mithili ya unga wa pilipili. Jioni hiyo alifungua kinywa kuhusu stoo. Waashi walikuwa wamemfukua yule guruguru wakichimba msingi, wakataka kumpiga, naye akamwombea. Lakini anayetoka porini, alieleza, huja na wageni wake, mwilini na tumboni. Hutengwa mpaka ajulikane hali yake. Hulazwa juu ya gazeti ili kinyesi na vidudu vionekane. Na anayemshika hanyooshi mkono kwa mwingine kabla ya kunawa.

"Labda sikunawa vizuri," alimalizia.

Mlango wa kusema ulikuwa wazi. Mshonaji alitunga uzi kwenye sindano ambayo tayari ilikuwa na uzi. Siku zilizofuata alimshikia mumewe taa alipokuwa akimpaka Mzee dawa kwa brashi ya kusafishia saa, na kila mara alisikia maneno yaleyale kuhusu kunawa. "Si kosa lako," alimjibu. Ulikuwa ukweli mtupu, na hakuna uongo uliowahi kumchoma kama huo.

Mzee alipokufa, fundi aliomba kitambaa cha kumfungia. Mkewe alimpa cheupe. Kile chekundu alikuwa amekisukuma chini ya cherehani. Alimtazama mumewe akichimba kando ya ukuta, mikono imepasuka kwa sabuni, akaona hawezi tena kukaa naye meza moja bila kusema.

Alikwenda kwanza kwa wifi yake, kuomba amsindikize kwenda kukiri. Safari hii wifi hakuwa na mzaha.

"Kaka anajua," alisema. "Kesho yake tu, baada ya wewe kuwakutanisha, alikuja hapa na uzi mwekundu, kautoa kwenye kucha za yule mgeni. Aliniuliza, nikamwambia yote. Akaniapisha nisikwambie. Alisema utamwambia mwenyewe."